Ibada ya Jumapili Kabla Haijawa Siku ya Mapumziko

Katika karne tatu za kwanza za Ukristo, mwamini aliyekwenda kusali Jumapili hakuitwa na kengele wala hakuruhusiwa na sheria yoyote kuacha kazi, kwani katika Dola la Roma siku hiyo ilikuwa ya kazi kama nyingine, na watumwa waliokuwamo miongoni mwa waumini hawakuwa na mamlaka juu ya saa zao. Plinio Mdogo, liwali wa Bithinia na Ponto, kaskazini mwa Uturuki ya leo, alimwandikia Kaisari Trajan mnamo mwaka 112 kwamba Wakristo aliowahoji walikuwa na desturi ya kukutana siku maalumu kabla ya mapambazuko, wakimwimbia Kristo kama mungu na kuapa kutoiba, kutozini na kutovunja ahadi, kisha hutawanyika na kukutana tena ili kula pamoja.

Kilichowaamsha usiku kinaonekana wazi zaidi katika utetezi ulioandikwa mjini Roma mnamo mwaka 155 na Yustino, mwanafalsafa aliyeongoka ukubwani na baadaye kuuawa kwa ajili ya imani yake. Anaeleza kwamba waumini wa mjini na wa mashambani walikusanyika mahali pamoja, maandiko ya mitume au ya manabii yakasomwa kadiri muda ulivyoruhusu, kiongozi akahubiri, wote wakasimama kuomba, kisha wakashiriki Ekaristi, yaani mkate na divai iliyochanganywa na maji, vilivyoombewa kwa shukrani. Mashemasi, ambao ni wahudumu wa jumuiya, waliwapelekea wasiohudhuria sehemu yao, na wenye uwezo walitoa sadaka iliyowekwa mikononi mwa kiongozi ili awasaidie yatima, wajane, wagonjwa, wafungwa na wageni.

Hakuna hata moja kati ya mambo hayo ambalo mwamini wa kawaida angeweza kulitimiza akiwa peke yake nyumbani: vitabu vilinakiliwa kwa mkono na vilikuwa ghali, watu wengi hawakujua kusoma, na mjane aliyetegemea sadaka ile angelala njaa kama wenzake wasingekutana. Jengo halikuwa sharti, kwani hata kule Dura-Europos, mji wa mpakani nchini Syria, Wakristo wa karne ya 3 walitumia nyumba ya kawaida, wakabomoa ukuta uliotenganisha vyumba viwili ili wapate ukumbi, na chumba kingine wakakifanya mahali pa kubatizia.

Uzito wa mkutano huo ulidhihirika baada ya mwaka 303, Kaisari Diokletian alipoamuru makanisa yabomolewe, maandiko yachomwe moto na mikutano ya Wakristo ikomeshwe. Huko Abitina, katika Tunisia ya leo, askofu mwenyewe alisalimisha maandiko kwa wenye mamlaka, lakini waumini waliendelea kukutana majumbani chini ya kasisi Saturnino, hadi mwaka 304 walipokamatwa na kupelekwa Karthago mbele ya liwali Anulino. Msomaji wa maandiko, Emerito, alipoulizwa kwa nini aliwapokea watu hao nyumbani kwake kinyume cha amri ya kaisari, alijibu kwamba walikuwa ndugu zake, na kwamba bila ibada ya Bwana wasingeweza kuishi. Jibu hilo lastahili kupimwa kwa makini, kwa sababu lilitolewa wakati wa mateso, na halikutaja wajibu wala hofu ya adhabu ya Mungu, bali hitaji.

Mwaka 321 Kaisari Konstantino aliagiza mahakimu, wakazi wa mijini na mafundi wapumzike Jumapili, huku wakulima wakiruhusiwa kuendelea na kazi kwa kuwa majira ya kupanda hayasubiri. Kabla ya karne hiyo kwisha, Yohane Krisostomo, mhubiri wa Antiokia, alikuwa akiwakemea mara kwa mara waumini walioiacha ibada wakaenda kutazama mashindano ya farasi.