Vipimo vya Salfa katika Gesi za Kaskazini mwa Ziwa Tanganyika

Chini ya maji angavu ya Ziwa Tanganyika mbele ya mji wa Uvira lipo tabaka nene lisilo na oksijeni, ambamo bakteria hugeuza salfati, yaani chumvi yenye salfa, kuwa hidrojeni salfidi, gesi inayonuka kama mayai viza. Msafara wa Wabelgiji wa 1946 na 1947, ulioongozwa na Eugène Leloup, uliyachunguza maji hayo kikemia, na taasisi ya utafiti ya IRSAC, iliyoundwa mwaka 1947, ilifungua baadaye huko Uvira kituo ambacho leo ni Kituo cha Utafiti wa Haidrobiolojia.

Njia ya kawaida ya kupima gesi hiyo zama hizo ilikuwa iodini, ambayo hupoteza rangi inapokutana na salfidi. Ugumu, hata hivyo, ulianzia kwenye chupa, kwa kuwa gesi hii huungana upesi na oksijeni na hushika kuta za vyombo vya chuma, hivyo sampuli isiyotiwa papo hapo zinki asetati, inayoigandisha salfa kuwa unga mweupe, hufika maabara ikiwa imepungukiwa.

Aprili 1987 chemchemi za moto ziligunduliwa chini ya ziwa upande wa Zaire ya wakati huo, huko Pemba (si kisiwa cha Zanzibar) na kwenye Rasi ya Banza, na mwaka 1991 wapiga mbizi kumi wa msafara wa TANGANYDRO walizifuata hadi kina cha mita 46, wakapima joto la nyuzi 53 hadi 103 za selsiasi. Pemba walikuta mishipa ya piriti, madini ya chuma na salfa, yenye unene wa sentimita 1 hadi 10, na kando ya matundu kulitanda bakteria weupe wanaofanana na wale waishio kwa salfidi. Mahali kama hapo, tarakimu moja ya maabara moja haitoshi.

Ziwa Kivu, linalomwaga maji yake Tanganyika kwa mto Ruzizi, limeonyesha njia: Machi 2018 vikundi kutoka Uswisi, Ujerumani na Ufaransa vilipima kwa mbinu tofauti methani na hewa ya ukaa ya ziwa hilo, na ulinganisho huo, uliochapishwa 2020, ukaondoa dhana ya awali kwamba gesi inaongezeka kwa kasi. Salfa ya Pemba na Banza inastahili ulinganisho wa namna hiyo, na maabara ya Uvira, jirani wa chemchemi hizo, ipewe vifaa vya kuuongoza.