Kuotesha Bakwiti Nyumbani

Kuotesha bakwiti ni kuloweka punje za mmea huo na kuziacha zitoe mzizi mchanga, kisha kuzila mbichi, kuzikausha au kuzipika. Kazi yote huchukua siku moja hadi mbili, na haihitaji udongo wala vyombo zaidi ya bakuli na chekecheke.

Sokoni bakwiti (*Fagopyrum esculentum*) huuzwa pamoja na nafaka, ingawa si jamaa ya ngano wala mtama. Ni mmea wa familia ya Polygonaceae, wenye majani mapana, maua meupe au ya waridi, na mbegu za pembe tatu. Asili yake ni kusini-magharibi mwa China. Warusi huipika ikawa uji mzito uitwao kasha, Wajapani hutengeneza tambi za soba kwa unga wake, na huko Bretagne, Ufaransa, unga huohuo hutoa chapati nyembamba ziitwazo galette. Haina gluteni.

Anayetaka kuotesha huanza kwa kuangalia rangi. Bakwiti ya kahawia, ambayo ndiyo iliyozoeleka zaidi katika maduka ya Urusi, imekwisha kupitia moto. Ikilowekwa itavimba na kulainika, lakini haitaota. Inayoota ni ile mbichi, yenye rangi ya kijani hafifu au ya maziwa. Kumenywa ganda hakuiui. Mchele mweupe hupoteza kiini unapokobolewa kwa sababu kiini chake kimekaa pembeni. Cha bakwiti kimejikunja katikati ya wanga, hivyo hubaki salama. Punje zilizovunjika huondolewa, maana huoza na kuziharibu nyingine. Mbegu zilizotiwa dawa kwa ajili ya kupandwa shambani haziliwi.

Ugumu wenyewe uko kwenye ute. Ndani ya nusu saa maji huanza kuvutika kama mlenda, na punje zikiachwa humo usiku kucha hukosa hewa na kuchacha. Kwa hiyo bakwiti hulowekwa kwa muda mfupi, kati ya nusu saa na saa moja, kisha husuuzwa chini ya bomba huku ikigeuzwa kwa vidole mpaka maji yatoke safi. Hapo hutandazwa kwenye chekecheke, tabaka jembamba, na kufunikwa kwa kitambaa chepesi. Husuuzwa tena asubuhi na jioni, na kila mara maji yote huachwa yachuruzike.

Kwenye joto la nyuzi 20 hadi 25 za Selsiasi, mzizi mweupe huchungulia kwenye ncha ya punje kabla ya siku kwisha. Wengi huzitumia mzizi ukifikia milimita mbili au tatu. Wakati huo vimeng'enya vimeanza kuvunja wanga kuwa sukari, na punje huwa na utamu kidogo. Ni kazi ileile inayofanyika ndani ya kimea cha ulezi kinachotiwa kwenye togwa.

Mbegu zenye maganda zikipandwa kwenye udongo hutoa miche ya shina jekundu, inayovunwa baada ya wiki moja hivi na kuliwa kama kachumbari. Hapa kiasi ni muhimu. Majani na maua ya bakwiti yana fagopirini, kemikali inayoifanya ngozi iungue kirahisi juani. Wafugaji wanaifahamu kwa mifugo yenye ngozi nyeupe iliyokula mmea huo kwa wingi. Punje iliyomenywa na kuoteshwa kwa siku moja haina majani ya kijani, kwa hiyo hatari hiyo ni ndogo.

Unyevu na joto vinavyoamsha mbegu huamsha pia bakteria. Mwaka 2011 mbegu za uwatu zilizooteshwa zilihusishwa na mlipuko wa bakteria aina ya *E. coli* nchini Ujerumani, ambapo watu karibu 4,000 waliugua na zaidi ya 50 wakafariki. Punje zenye harufu ya uchachu au ute uliorudi baada ya kusuuzwa hutupwa. Zilizo safi hukaa kwenye friji siku mbili au tatu. Wajawazito, watoto wadogo, wazee na wenye kinga dhaifu hushauriwa kuzila zikiwa zimepikwa vizuri. Kupika hakuwasaidii wenye mzio wa bakwiti. Japani, ambako mzio huo unajulikana sana, sheria huwataka watengenezaji wa vyakula vya pakiti waitaje bakwiti kwenye lebo.