Matatizo ya kuwasha trekta ya dizeli wakati wa baridi

Matatizo ya kuwasha trekta ya dizeli wakati wa baridi ni hali ambapo injini inakataa kuwaka, au inawaka kwa taabu, baada ya kulala usiku kwenye baridi. Nchini Tanzania hutokea katika nyanda za juu, mojawapo ikiwa uwanda wa Ufipa katika mkoa wa Rukwa, hasa miezi ya Juni na Julai. Trekta zinazosumbua zaidi ni zile za zamani zisizo na vifaa vya elektroniki, kama vile Massey Ferguson 135 na Ford 5000, zote mbili za kuanzia miaka ya 1960.

Mazingira ya Ufipa

Mji wa Sumbawanga uko kwenye kimo cha takriban mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, kati ya Ziwa Tanganyika na bonde la Ziwa Rukwa. Mvua hunyesha kuanzia Novemba hadi Aprili. Baada yake huja kiangazi chenye mchana wa jua na usiku wa baridi. Alfajiri za Juni na Julai halijoto hushuka hadi karibu na sentigredi 10, na mabondeni huweza kuwa chini ya hapo.

Baridi hii si kali ikilinganishwa na ile ya Ulaya au Kanada, ambako dizeli huweza kuganda ndani ya tenki. Trekta nzima huwaka Sumbawanga mwaka mzima. Kwa hiyo trekta inayokataa asubuhi ya Julai huko Laela, Matai au Namanyere kwa kawaida ilikuwa na kasoro tangu zamani, na baridi imeifichua tu.

Majira nayo yanachangia. Kulima hufanyika kuelekea mwanzo wa mvua, wakati wa joto. Baridi huja wakati wa mavuno, trekta inapotakiwa kuvuta tela la mahindi au kuzungusha mashine ya kupukuchua. Trekta iliyosimama chini ya mti tangu kulima kwisha huwa na betri iliyolala na maji ndani ya tenki, na mahindi yanasubiri shambani.

Kwa nini baridi huzuia injini kuwaka

Injini ya dizeli haina plagi za cheche. Pistoni hubana hewa mara 16 hadi 18 hivi, hewa inapata joto kali, na dizeli inayopulizwa na nozeli inawaka yenyewe. Injini ikiwa baridi, kuta za silinda hunyonya sehemu ya joto hilo. Stata ikizungusha polepole, hewa hupata muda mrefu zaidi wa kupoa na kuvuja kupitia ringi zilizochakaa.

Kimo cha Ufipa kinaongeza jambo lingine: kwenye mita 1,800 kanieneo ya hewa ni takriban asilimia 80 ya ile ya pwani. Silinda hupata hewa pungufu, na injini iliyochoka ambayo ingewaka bila shida Dar es Salaam inaweza kugoma Sumbawanga.

Kutambua kasoro kwa moshi

Kabla ya kufungua bolti yoyote, msaidizi azungushe stata huku fundi akitazama bomba la moshi. Ni kipimo kisicho na gharama, na hupunguza kazi kwa nusu.

Pasipo moshi wowote, dizeli haifiki kwenye silinda. Moshi mweupe unaonyesha kwamba dizeli inafika lakini haiwaki: tatizo ni joto, mbano au kasi ya stata. Moshi mweusi unaonyesha hewa haitoshi, mara nyingi kwa sababu chujio la hewa limejaa vumbi la mavuno.

Moshi usipoonekana, kwanza itazamwe kamba ya kuzimia. Kwenye trekta nyingi za zamani injini huzimwa kwa kuvuta kitufe, na kisiporudishwa ndani pampu haitoi dizeli. Kuna pampu zilizofunguliwa bure kwa sababu hii.

Betri na stata

Hapa ndipo kasoro nyingi hupatikana. Betri ya volti 12 iliyojaa na kupumzika huonyesha takriban volti 12.6, ikiwa chini ya 12.4 inahitaji kuchajiwa. Stata inapozunguka, volti zikianguka chini ya 9.6 hivi, betri imechoka au stata inavuta umeme kupita kiasi. Baridi hupunguza nguvu ya betri wakati uleule oili nzito inapofanya injini iwe ngumu kuzungushwa.

Waya wa ethi husahauliwa sana. Kutu au rangi kati ya waya huo na bodi ya trekta hula umeme mwingi. Kukwangua na kukaza kunaweza kuokoa pesa za betri mpya. Oili ya namba 40 pekee ni nzito alfajiri. 15W-40 huwa nyepesi zaidi, mradi mwongozo wa trekta unairuhusu. Kukanyaga klachi wakati wa kuwasha huiondolea stata mzigo wa giaboksi.

Dizeli, maji na upepo

Tenki lililo nusu hukusanya unyevu usiku, na maji hushuka chini. Kujaza tenki jioni hupunguza tatizo. Maji yaliyokwisha ingia humwagwa kupitia kizibo kilicho chini ya chujio. Mpira mkavu au kiungo kilicholegea huingiza hewa kwenye mabomba. Upepo huo hutolewa kwa kulegeza skrubu za chujio na pampu huku pampu ya mkono ikisukumwa, mpaka dizeli itoke bila povu. Vidole viwekwe mbali na nozeli inayopuliza: dizeli yenye shinikizo hupenya ngozi, na jeraha hilo huhitaji hospitali mara moja hata likionekana dogo.

Kupasha joto

Injini za Perkins za aina ya Massey Ferguson 135 zina kifaa cha Thermostart kwenye njia ya hewa: waya hupata moto, dizeli kidogo hudondoka na kuwaka, na hewa inaingia ikiwa na joto. Hupewa sekunde 15 hadi 20 kabla ya kuzungusha stata. Si ajabu kukuta bomba lake limezibwa na mwenye trekta wa zamani.

Maji ya moto yakimiminwa polepole kwenye rejeta iliyomwagwa maji husaidia. Moto wa kuni chini ya sampu ni hatari: oili na dizeli zilizovuja hushika moto. Etha ya kopo haitumiki kamwe pamoja na Thermostart, kwani huweza kulipuka kwenye njia ya hewa, na hata peke yake huweza kuvunja ringi.

Njia inayoua ni kuunganisha vichwa vya stata kwa bisibisi ukiwa umesimama mbele ya gurudumu la nyuma. Trekta ikiwa kwenye gia, huondoka palepale inapowaka. Swichi iliyokufa itengenezwe, na trekta iwashwe na mtu aliyekaa kitini, gia ikiwa huru na breki imefungwa.