Wakutubi Kwanza, Jengo Baadaye: Funzo la 1963

Kila yanapotangazwa mageuzi katika taasisi za umma, swali la kwanza huwa kama vifaa vimefika. Ni nadra kuulizwa kama mtumishi ameandaliwa. Nadhani historia ya maktaba zetu inatufundisha kuanza na swali la pili.

Mwaka 1963, Tanganyika ilitunga sheria ya kuunda Bodi ya Huduma za Maktaba. Mwaka huohuo, Chuo cha Ukutubi cha Afrika Mashariki kilianzishwa Makerere. Maktaba Kuu ya Taifa jijini Dar es Salaam ilifunguliwa na Mwalimu Nyerere tarehe 9 Desemba 1967. Kazi ya kuandaa wataalamu, basi, ilianza miaka minne kabla ya milango ya jengo kufunguliwa.

Lakini mafunzo peke yake hayakutosha. Mkurugenzi wa kwanza alikuwa Mwingereza, Max Broome. Lau uongozi ungebaki mikononi mwa wageni, wahitimu wetu wangekuwa wasaidizi wenye vyeti: wanapanga vitabu rafuni, lakini hawaamui kipi kinunuliwe wala kimfikie nani. Katika miaka ya 1970 huduma hiyo iliongozwa na Mtanzania, Ezekiel Kaungamno. Ndicho kipindi ambacho maktaba za vijijini zilifungamanishwa na kampeni ya elimu ya watu wazima, ili aliyejifunza kusoma asikose cha kusoma. Mwaka 1989 mafunzo yenyewe yalisogezwa nyumbani, kilipoanzishwa chuo cha ukutubi na nyaraka Bagamoyo.

Leo katalogi za kadi zinaipisha mifumo ya kompyuta. Mara nyingi mkutubi huyapokea mabadiliko hayo kwa njia ya waraka: programu imekwisha kununuliwa, naye anapewa nywila na semina ya siku moja. Mfumo ukikwama, lawama ni zake. Ukifaulu, sifa ni za mradi. Kisha tunamwita mpinga maendeleo.

Kumwezesha mtumishi, kwa maoni yangu, ni mambo matatu: kumshirikisha kabla mkataba haujasainiwa, kumtengea muda wa kujifunza ndani ya saa za kazi, na kumpa mamlaka ya kusema kwamba jambo fulani halifai, akasikilizwa. Wewe uliye ofisini na rasimu ya mageuzi mezani, jiulize: ni mtumishi gani wa kaunta aliyekwisha kuisoma?