Mstari wa Matengenezo

Matokeo ya kidato cha nne yanapotangazwa, Nangwa nzima hugeuka chumba kimoja cha kusubiri. Wenye simu janja huwafungulia wasio nazo, na kila mmoja huandika anwani ileile inayoishia na .tz. Ukurasa ukigoma kufunguka, lawama huenda kwa mnara, kwa kampuni ya simu, au kwa bando lililokwisha bila taarifa. Hakuna anayemlaumu FRED, kwa sababu hakuna anayemjua.

FRED si mtu. Ni programu huria inayotunza daftari la majina ya vikoa: jina hili ni la nani, limelipiwa mpaka lini, seva zake ziko wapi. Iliandikwa Prague na CZ.NIC, shirika linalosimamia majina ya .cz, ambalo lilianza kuitumia mwaka 2007. Huku kwetu, TCRA na umoja wa watoa huduma za intaneti, TISPA, walianzisha tzNIC mwaka 2006 ili isimamie .tz. tzNIC ilipohitaji programu ya kuendeshea daftari hilo, haikuandika ya kwake. Ilichukua FRED, kama walivyofanya Angola, Albania na Costa Rica.

Kuchukua bure si ajabu, programu huria zipo kwa ajili hiyo. Swali langu ni nani anayelipia kila asubuhi inayofuata. Jibu ni kwamba anayelipia ni mwenye duka la baiskeli huko Brno. Kila mwaka hulipia jina lake la .cz, na sehemu ya ada hiyo na za wenzake huwalipa wahandisi wanaoziba matundu ya FRED. Bila kujua, anasaidia kutunza daftari lenye jina la halmashauri ya Hanang. Kwa upande wetu hakuna andiko lililoandikwa wala mfadhili aliyekuja kupigwa picha.

Ninasoma shahada ya uzamili ya historia, na nyaraka ninazozipenda kuliko zote ni hayo maandiko, yaani karatasi za kuombea fedha za mradi. Andiko ni waraka wa ajabu: linaeleza jambo ambalo halijatokea kwa uhakika kuliko ripoti inavyoeleza lililokwisha tokea. Lina lengo kuu, malengo mahususi, walengwa, matokeo tarajiwa. Ukiyasoma mengi mfululizo unaanza kuona kisichokuwamo. Ni nadra sana kukuta mahali panapouliza nani atakaza boli likilegea mwaka wa saba.

Hanang tunalijua jambo hili tangu zamani. Kuanzia miaka ya 1970, katika nyanda za Basotu, Kanada ilifadhili kilimo cha ngano kupitia NAFCO: mashamba saba makubwa, karibu ekari 100,000 kwa jumla, trekta na kombaini kutoka ng'ambo. Ardhi hiyo ilikuwa malisho ya Wabarbaig, nao waliipigania mpaka mahakamani katika miaka ya 1980. Habari yao inastahili makala yake, lakini siwezi kupita hapa kana kwamba palikuwa nyika tupu. Mwaka 1993 ufadhili wa Kanada ulikoma. Fedha za kuanzisha zilikuwa na andiko. Spea, mafundi, na fedha za kigeni za kuagizia vipuri vilibaki mikononi mwa shirika la umma ambalo tayari hali yake ilikuwa mbaya. Baadaye mashamba mengine yaliuzwa, mengine yakarudishwa kwa wanavijiji.

Ngano ya Basotu ikiwa bado inavunwa, fedha nyingine ya Kanada ilikuwa inanunua modemu. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, IDRC, taasisi ya serikali ya Kanada inayofadhili utafiti wa maendeleo, ilitoa fedha kwa mradi ulioitwa ESANET. Ulikusudia kuunganisha vyuo vikuu vya Nairobi, Makerere, Dar es Salaam, Zambia na Zimbabwe kwa barua pepe. Msomaji uliyezaliwa na bando mkononi, jaribu kufikiria: kompyuta moja, modemu moja, laini moja ya simu. Barua zilikusanywa mchana kutwa, kisha kwa saa iliyopangwa kompyuta ikapiga simu na kuzimwaga zote kwa mkupuo. Vituo vingi vya Afrika vya wakati huo viliendeshwa kwa programu za FidoNet, mtandao wa watu wa kujitolea ulioanzia Marekani mwaka 1984, na huko London shirika la GreenNet liliweka lango la kupokea barua zao na kuzipeleka duniani.

Mradi una tarehe ya mwisho, na ESANET nao ulikuwa nayo. Ila tazama kilichobaki. Kituo cha Makerere kiliitwa Mukla, na aliyekiendesha, Charles Musisi, ndiye aliyekuja kusimamia majina ya .ug. Jina la kikoa hulipiwa kila mwaka. Ni ada ndogo isiyo na hafla wala kitambaa cha kukata, lakini mwaka ukigeuka inarudi tena. Nikiangalia miaka 30 ya intaneti Afrika Mashariki, ninaona vitu vingi vilivyozaliwa kwa ruzuku na vichache vilivyozeeka, na karibu vyote vilivyozeeka vilipata mahali fulani ada ya namna hiyo.

Nichukue mfano wa vitovu vya kubadilishana trafiki. Kabla yake, barua pepe kutoka Kariakoo kwenda Mwenge iliweza kupanda setilaiti, kuzunguka Ulaya au Marekani, na kurudi, yote hiyo kwa dola. Nairobi walifungua chao, KIXP, mwishoni mwa mwaka 2000. Telkom Kenya ikalalamika kwamba haki yake ya kipekee imevunjwa, kikafungwa ndani ya wiki chache, kisha kikafunguliwa tena mwaka 2002. Dar es Salaam walipata TIX mwaka 2004, na Arusha nao wakapata chao. Vitovu vya aina hii kwa kawaida huishi kwa ada za wanachama. Lakini ada hizo hulipia umeme, swichi na chumba. Haziwafikii walioandika programu zinazoendesha mashine za humo.

Na hapo pana kisa ninachokipenda. Mwaka 1996, Mjapani Kunihiro Ishiguro alianza kuandika programu huria ya kuelekeza trafiki ya intaneti, akaiita Zebra. Badala ya kununua ruta ya maelfu ya dola, ungeweza kuchukua kompyuta ya kawaida na kuifanyisha kazi hiyo. Kazi ikamzidi mtu mmoja, marekebisho yakawa yanasubiri, na wengine wakachukua msimbo uleule wakaendelea nao kwa jina jipya: Quagga. Quagga ni punda milia wa Afrika Kusini aliyewindwa mpaka akaisha. Wa mwisho alifia Amsterdam mwaka 1883. Sijui kama walitania au walibashiri. Quagga nayo ilichoka, na mwaka 2017 kundi jingine likatangaza FRRouting, safari hii chini ya mwavuli wa Linux Foundation, kwenye kampuni zenye mishahara. Msimbo ni wa ukoo mmoja na umebadili majina mara mbili, kwa sababu kila mara mzigo uliwazidi waliokuwa wanaubeba.

Dunia kubwa iligundua jambo hili Aprili 2014, lilipotangazwa tundu la Heartbleed ndani ya OpenSSL, programu inayosimba mazungumzo kati ya kivinjari chako na benki. Tundu lilikuwamo tangu toleo la Machi 2012. Ndipo watu wakauliza nani anaitunza OpenSSL, na ikajulikana kwamba michango iliyokuwa ikiingia ilikuwa kama dola 2,000 kwa mwaka, na kwamba mtu aliyeifanya kama kazi yake ya kila siku alikuwa mmoja. Ndani ya mwezi huohuo, Linux Foundation ilikuwa imekusanya kampuni kubwa, Google, Microsoft, Facebook na nyingine, kila moja ikiahidi angalau dola 100,000 kwa mwaka kwa miaka mitatu. Kwetu tunaifahamu tabia hiyo. Mgonjwa akiomba nauli ya kwenda Haydom, kila mtu hana. Akifariki, daftari la michango linajaa kabla ya jua kuzama.

Baada ya Heartbleed, mtu angedhani somo limeingia. Machi 2024, Andres Freund, mhandisi wa Microsoft, aliona kuingia kwenye seva kwa SSH kunachelewa nusu sekunde. Alifuatilia akakuta mlango wa siri ndani ya xz, programu ya kubana mafaili. Mtunzaji wake, Lasse Collin, alikuwa akiifanya kazi hiyo bila malipo na alikwisha sema wazi kwamba amechoka. Aliyejitokeza kumsaidia, kwa jina la Jia Tan, alikuwa amemzoea kwa zaidi ya miaka miwili kabla ya kupandikiza sumu. Mimi husoma kisa hiki kama kisa cha upweke kabla ya kukisoma kama cha udukuzi.

Kuna wafadhili waliobadilika, na haki yao nisiwanyime. Uholanzi iko NLnet, wakfu uliopata mtaji wake kwa kuuza kampuni ya intaneti kwa UUNET mwaka 1997. Tangu mwaka 2018, kwa fedha za Tume ya Ulaya, umekuwa ukigawa ruzuku za kati ya euro 5,000 na 50,000 kwa programu huria, na fomu yake ni fupi kiasi kwamba mtu aliyezoea maandiko yetu ya kurasa 40 atadhani nyingine zimepotea. Ujerumani ilianzisha Sovereign Tech Fund mwaka 2022, ikitamka waziwazi kwamba inalipia matunzo. Hata hivyo, mwaka 2024 rasimu ya mipango ya Tume ya Ulaya ilionekana bila fungu lililokuwa likilisha ruzuku za NLnet, na mashirika kadhaa yakaandika barua ya pamoja kulitetea. Yaani fedha ya matunzo nayo inahitaji mtu wa kuitunza.

Nangwa neno ruzuku ni la mbolea. Ukilisema dukani, mtu ataanza kutafuta namba yake ya usajili wa mkulima. Kwenye mawasiliano pia ipo: Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, uliotokana na sheria ya mwaka 2006, hutoa ruzuku kwa kampuni za simu zijenge minara vijijini, na mwaka 2023 ulisainiwa mkataba wa minara 758. Ninaunga mkono kila mmoja wa hiyo minara. Mnara unaonekana, unahesabika, unaweza kuzinduliwa. Saa nne za usiku za mtu anayesoma msimbo wa mwenzake akitafuta kosa hazihesabiki hivyo.

Mtu wa namna hiyo ninaye. Tumekua naye Nangwa, sasa yuko Arusha. Anatunza kipande kidogo cha programu kinachokaa ndani ya ruta zinazotumia OpenWrt, mfumo huria wa ruta za bei nafuu ambao mitandao mingi ya kijamii duniani huutegemea. Ruta hizo hazina betri ya saa. Umeme ukikatika na kurudi, na kwetu hilo halihitaji maelezo, ruta huamka ikiamini ni mwaka mwingine kabisa. Vyeti vya usalama huangalia tarehe, kwa hiyo huvikataa. Itaomba saa sahihi kwa seva ya saa, lakini ili kupata anwani ya seva hiyo lazima itafute jina, na kama utafutaji wa majina nao unahakikiwa kwa saini zenye tarehe, hapo ni kuku na yai. Kipande chake kinaamua kipi kitangulie. Kina mistari michache kuliko makala hii.

Aliwahi kuomba fedha. Shirika moja, ambalo silitaji, lilimjibu kwa adabu kwamba kazi ni nzuri ila haioneshi ubunifu wa kutosha, akashauriwa aongeze programu ya simu kwa ajili ya wakulima. Alinitumia jibu hilo bila neno lolote, emoji ya jembe tu.

Sasa anaandika tena, kwa mfuko wa Ulaya unaokubali maombi ya matunzo, na ameniomba nimsomee. Nilitegemea kukuta walengwa na matokeo tarajiwa. Nimekuta bajeti ya mistari mitatu: kujibu wanaoripoti matatizo, saa sita kwa wiki, kujaribu kila toleo jipya la OpenWrt kwenye ruta nane za zamani alizookota kwa mafundi, na kumfundisha mtu wa pili, mwaka mzima, ili asiwe peke yake. Huo wa tatu ndio wenye gharama kubwa kuliko yote. Fomu inauliza juhudi yako inatofautianaje na zilizopo, na hapo ameandika kwamba haitofautiani, ni hiyohiyo iliyopo, anaomba iendelee kuwapo. Nimemwambia asibadilishe sentensi hiyo. Mwisho wa kupokea maombi ni tarehe 1 saa sita mchana kwa saa za Ulaya, naye bado anatafuta wa kumwandika kwenye nafasi ya mtu wa pili.