Kinu cha Awendo na Watu Wake

Zamani Migori na Homa Bay zilikuwa wilaya moja, Nyanza ya Kusini. Mwaka 1976 Serikali ya Kenya iliunda huko kampuni ya sukari, ijulikanayo kwa jina la Sony, na mwaka 1979 kinu chake kikaanza kusaga miwa pale Awendo, Migori. Wakulima wengi wakageuza mashamba ya mtama na mahindi kuwa ya miwa, na vijana wao wakapata kazi za ufundi, ukarani na udereva.

Muwa una tabia yake. Hukomaa kwa muda wa mwaka mmoja na nusu hivi, na ukisha kukatwa utamu wake hupungua upesi. Kwa hiyo haufai kupelekwa mbali. Mkulima na kinu walifungwa kamba moja.

Kamba hiyo ililegea vilipozuka viwanda vya watu binafsi, kama kile cha Sukari Industries huko Ndhiwa, Homa Bay. Mkulima aliyecheleweshewa malipo yake Awendo aliona mlango wa pili, akaupitia, nani amlaumu? Walakini kila gari la miwa lililokwenda kwingine liliiachia njaa mitambo ya Awendo, ambayo ilikuwa imekwisha chakaa. Madeni yakazidi, na mishahara ikachelewa.

Hatimaye, mwezi wa Mei 2025, Serikali ilivikodisha viwanda vyake vinne, yaani Nzoia, Chemelil, Muhoroni na Sony, kwa makampuni ya binafsi kwa muda wa miaka 30. Baada ya hayo zikafuata taarifa za kuwapunguza watu kazini.

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 yaamuru kwamba mtu ambaye nafasi yake imeondolewa apewe taarifa ya mwezi mmoja, na malipo yasiyopungua mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka kamili aliotumika. Basi tufanye hesabu. Aliyetumika miaka 20 hupata kwa uchache mshahara wa siku 300, ambao haufiki hata wa mwaka mmoja. Naye fundi huyo hakukopa madeni ya kampuni, wala hakuchelewesha malipo ya mkulima.

Kwa hiyo asomaye historia ya viwanda asiishie kuuliza kinu kilisaga tani ngapi. Aulize pia, hasara ilipokuja ni nani aliyeibeba, na je, ndiye aliyeileta?