Diwani Bila Barabara, Halmashauri Bila Kodi

Ibara ya 146 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania inatamka kuwa madhumuni ya kuwapo kwa serikali za mitaa ni kupeleka madaraka kwa wananchi. Lakini mwananchi wa kijijini anayemuuliza diwani wake kwa nini barabara ya kwenda gulioni haipitiki wakati wa masika, au kwa nini kisima kimekauka bila fundi kufika, anamuuliza mtu asiye na mamlaka juu ya lolote kati ya hayo. Tangu mwaka 2017 barabara za wilaya ziko mikononi mwa Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini (TARURA), na tangu mwaka 2019 maji ya vijijini yako chini ya Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini (RUWASA). Mameneja wa wakala hizo hawawajibiki kwa baraza la madiwani. Diwani amebaki na kura alizopigiwa na lawama anazobebeshwa.

Hii si mara ya kwanza kwa madaraka kupanda juu. Kuanzia mwaka 1972 serikali ilizifuta halmashauri na kuweka mahali pake wakurugenzi wa maendeleo wa mikoa na wilaya, kwa utaratibu ulioitwa, ajabu kidogo, madaraka mikoani. Uamuzi ulitolewa Dar es Salaam, na watekelezaji walitoka huko huko. Miji ndiyo iliyoumia kwanza: taka zilirundikana, mifereji ikaziba, kipindupindu kikazuka. Sheria ya mwaka 1978 ilizirudisha halmashauri za miji, kisha sheria za mwaka 1982 zikarejesha mfumo mzima, nao ukaanza kazi mwaka 1984. Mwaka huo huo Mwalimu Nyerere alikiri hadharani kwamba kufuta serikali za mitaa, pamoja na vyama vya ushirika, ni mambo ambayo asingeyarudia kama angeanza upya. Ni kiongozi aliyebuni mfumo ule ndiye aliyetoa hukumu hiyo, na kwa hiyo ina uzito kuliko ukosoaji wowote wa wasomi.

Sera ya mwaka 1998 ya uboreshaji wa serikali za mitaa ilikusudia kuhitimisha safari hiyo ya kurudi kwa wananchi. Madaraka ya kisiasa, ya fedha na ya kiutumishi yalipaswa kushuka pamoja. Yaliyoshuka kweli ni majukumu.

Fedha zilichukua njia nyingine. Mwaka 2003 kodi ya maendeleo ilifutwa, na wananchi walifurahi kwa haki, maana ukusanyaji wake ulikuwa umejaa manyanyaso. Lakini hakikuwekwa chanzo kingine cha kudumu ambacho halmashauri ingekiita chake. Mwaka 2016 kodi ya majengo, chanzo kilichofungamana na ardhi na huduma za mji kuliko kingine chochote, ilihamishiwa Mamlaka ya Mapato, na tangu Agosti 2021 hukatwa mteja anaponunua umeme wa LUKU. Kwa ukusanyaji, njia hiyo ni nyepesi na ya busara. Kwa uwajibikaji, ina kasoro kubwa: mwenye nyumba Mwanza hawezi kujua shilingi aliyokatwa imezoa taka za mtaa gani, na meya wake hana sababu ya kumweleza.

Wanaotetea hali ya sasa wana hoja nzito. Taarifa za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali zimefichua kwa miaka mingi fedha zilizopotea katika halmashauri. Mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu ilisimamishwa mwaka 2023 kwa sababu marejesho na usimamizi wake vilikuwa na dosari, na ilirejeshwa mwaka 2024 kwa utaratibu mpya. Hata hivyo mkurugenzi wa halmashauri anayesimamia fedha hizo huteuliwa na Rais. Baraza la madiwani halimwajiri wala halimfukuzi. Kulilaumu baraza kwa makosa ya mtumishi lisiyeweza kumgusa ni kupotosha chanzo cha tatizo.

Kuna ushahidi ndani ya nchi kwamba ngazi za chini zinaweza kuaminiwa. Tangu elimumsingi bila malipo ilipoanza Januari 2016, ruzuku huingia moja kwa moja kwenye akaunti za shule, na tangu mwaka wa fedha 2017/18 fedha za mfuko wa pamoja wa afya huenda moja kwa moja kwenye zahanati na vituo vya afya. Mganga mfawidhi na kamati ya kituo hupanga wenyewe dawa ya kununua na bati la kubadilisha. Kijiji nacho kina chombo chenye nguvu kisheria: mkutano mkuu unaomjumuisha kila mkazi mwenye umri wa miaka 18 na kuendelea, unaopaswa kusomewa mapato na matumizi.

Kenya, kwa Katiba ya mwaka 2010, ilizitengea kaunti zake 47 angalau asilimia 15 ya mapato ya taifa. Kaunti zina kashfa zake na fedha huchelewa, lakini kiwango hicho hakiwezi kupunguzwa kwa barua ya waziri. Tanzania haina kinga kama hiyo.

Marekebisho yaanzie kwenye fedha. Kodi ya majengo iendelee kukusanywa kwa LUKU, lakini kwa kuwa kila mita ina mahali pake, fedha yake irudi katika halmashauri husika. Wakurugenzi wapatikane kwa ushindani wa wazi, na baraza liwe na kauli katika kuwathibitisha na kuwaondoa. TARURA na RUWASA zibaki na wahandisi wao, ila mpango wa mwaka na taarifa za robo mwaka zipitishwe na madiwani kabla ya fedha kutoka. Kwa sehemu kubwa, Bunge linaweza kuyafanya hayo kwa kurekebisha Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa ya mwaka 1982, Sheria ya Utumishi wa Umma ya mwaka 2002 na Sheria ya Huduma za Maji ya mwaka 2019. Hakuna hata kifungu kimoja cha Katiba kinachohitaji kuguswa.